Kofia Kwenye Kioo cha Mlango wa Moto

Sotik, Alhamisi, mwezi wa nane, 1973

Jana mvua ya mawe, leo jua kali, na mimi leo nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Asubuhi nilipokuwa naenda kazini nilipita kando ya mashamba nikaona majani ya chai yametobolewa tobo tobo. Wachumaji walikuwa wamesimama na vikapu mgongoni wakitazama hasara, nami sikuwapungia hata mkono, kwa sababu nilikuwa na yangu moyoni. Sasa ni jioni, nimeketi kwenye kizingiti cha nyumba yangu kabla giza halijaingia. Mama mkwe amenifukuza jikoni. Anasema mtu aliyefanya maajabu kama yangu ya leo asishike mwiko, atamwaga na ugali. Namsikia huko ndani akicheka peke yake, ananyamaza, halafu anaanza tena.

Shajara yangu, acha nikueleze kwa utaratibu, la sivyo hata wewe hutaelewa.

Nilipoolewa na Nyamweya nilikuja na cheti changu cha taipu ndani ya sanduku. Chama cha wakulima hapa Sotik, hiki cha chai na maziwa, kilikuwa kinatafuta taipisti, nikaenda, nikachukuliwa. Nyamweya alifurahi. Yeye ni mwalimu huko upande wa Longisa, hurudi nyumbani Ijumaa jioni tu, na aliona ni heri niwe na kazi kuliko kukaa nikihesabu siku. Lakini katika boma letu neno la mwisho ni la Tata. Tata ndiye baba mkwe wangu; kwetu Wakisii ndivyo tunavyomwita baba, na baba wa mume ni baba. Yeye hakusema ndiyo wala hapana. Alimwambia Nyamweya kwamba nijaribu kazi mpaka jengo jipya la chama likamilike, kisha atatoa neno lake.

Jengo lenyewe lilikuwa likaguliwe leo. Kwa hiyo nilijua neno liko njiani.

Na nilikuwa na hakika neno hilo ni hapana. Mama anahitaji mikono kwenye chai, migongo ya watu wa boma hili imezeeka, na mke wa mtoto ambaye kutwa nzima anapiga mashine mjini si kitu ambacho wazee wetu walikizoea. Lakini kilichonipa hakika hasa ni mlango.

Lazima nieleze habari ya ensoni, ile haya ya wakwe, maana ndiyo mzizi wa yote. Kwetu mwanamke na baba mkwe wake hawatazamani machoni. Hawashikani mikono. Yeye haingii nyumbani kwangu hata kama mvua ya mawe inampiga kichwani. Atasimama nje na kupigwa. Wageni hudhani ni chuki, kumbe ni heshima, ila ni heshima iliyochanganyika na aibu, na ukiivunja unahisi uso unaungua. Nimeishi na Tata katika boma moja tangu nilipoolewa na nilikuwa siwezi kukuambia macho yake yana rangi gani. Miguu yake ndiyo ninayoijua. Kofia yake pia naijua, ile ya kijivu, kwa sababu huiona ikipita juu ya ua.

Sasa tazama mambo. Tata ni fundi seremala. Amefanya kazi miaka mingi katika karakana ya shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho, na mlango aliotengeneza yeye hauvuji upepo. Chama kilipotafuta mtu wa kutengeneza milango ya jengo jipya, kikamchukua yeye, na kikamwambia akimaliza atabaki kama mtunza jengo. Chama hakikuuliza ukoo. Kilitaka fundi mzuri na taipisti mzuri, kikatupata sisi wawili chini ya paa moja.

Jengo letu ni la ghorofa moja, na Sotik nzima inalionea fahari. Chini ni duka na stoo: mbolea, magunia, mapipa ya mafuta ya taa. Juu ni ofisi, ambayo tulihamia hata kabla ya ukaguzi. Ngazi ni moja tu. Ndiyo maana plani ilisema ngazi iwe na milango ya kuzuia moto, mmoja chini na mmoja juu, ya mbao nene, yenye springi ya kujifunga yenyewe. Moto ukishika yale mafuta, moshi utapanda kwa ngazi na sisi wa juu tutakuwa samaki wa kukaushwa. Na kila mlango, plani ilisema, uwe na dirisha dogo la kioo kwa kimo cha macho ya mtu. Niliiona plani kwa macho yangu, ilikuwa imetandazwa mezani kwa meneja, imebanwa na kikombe.

Mlango wa chini ulipotundikwa ulikuwa na kioo chake. Mlango wa juu, ule unaotazamana na meza yangu, ulikuja umezibwa. Mahali pa kioo Tata alikuwa ameweka kipande cha mbao, kimekaa sawasawa, kimepigwa msasa, kimefungwa kwa skrubu, kizuri kama sehemu nyingine yoyote ya mlango.

Nilikitazama kile kipande cha mbao nikasema, basi, nimeelewa. Hataki hata kuniona hapa. Ananizoeza kutoonekana, kisha niondoke.

Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kuchapa.

Tangu hapo tumeishi kwa kukohoa. Tata akipanda ngazi anakohoa mara kadhaa ili nijue yuko njiani, nami nainamisha uso kwenye mashine. Nikitaka kushuka, nabisha mlango kidogo kabla ya kuuvuta, ili kama yuko upande wa pili ajiondoe. Taabu ni kwamba mashine ya taipu haisikilizi kikohozi cha mtu. Mara nyingi aliingia nikiwa nimeinua kichwa, nikageuka haraka mpaka shingo ikalia. Wenzangu wa ofisini walidhani nina ugonjwa wa shingo. Karani mmoja aliniletea mafuta ya kuchua.

Haya. Leo.

Inspekta wa majengo ametoka Kericho kwa pikipiki, koti limejaa matope mgongoni. Anaitwa Bwana Simiyu, Mbukusu, mfupi, mnene kidogo, anapenda kucheka, lakini akishika mlango anakuwa mtu mwingine. Meneja wetu, Bwana arap Rono, alikuwa amevaa tai, na alikuwa na jasho kabla jua halijapanda. Ufunguzi ni wiki ijayo na wageni wamekwisha kualikwa, hata ng'ombe wa kuchinjwa anajulikana. Bila kibali cha inspekta hakuna ufunguzi.

Walianzia chini. Bwana Simiyu alikuwa akifungua kila mlango, anauachilia, anautazama ukijifunga polepole mpaka kitasa kilie. Chini ya kabati aliona jiwe ambalo sisi huwa tunawekea mlango usijifunge wakati wa joto. Meneja alikuwa amelisukuma huko kwa mguu dakika ile ile. Inspekta alilivuta kwa kiatu chake.

"Hii jiwe ni ya kusaga wimbi?" aliuliza.

"Ni ya... wageni," alisema meneja.

"Wageni wakae kwa viti. Mlango ya moto ikiwekwa jiwe sio mlango tena, ni tundu."

Jiwe lilitolewa nje. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na kalamu, maana nilikuwa naandika maelezo, na nilijizuia nisicheke. Hapo ndipo meneja alipoleta ndoto yake. Alikuwa ameona benki moja kule Nakuru yenye mlango wa kioo kikubwa, kuanzia kiunoni mpaka juu, kimeandikwa kwa rangi ya dhahabu, na akataka mlango wa ngazi ufanywe hivyo hivyo. Kioo alikuwa amekwisha kukichagua dukani, kina maua maua ndani yake.

"Bwana meneja," alisema Bwana Simiyu, "hiyo kioo ya maua moto ikiifikia inapasuka tu, paa! Inaanguka yote chini. Halafu moshi inaingia kama imealikwa. Ndio tunasema kioo ya mlango ya moto ikuwe na waya ndani. Hiyo pia itapasuka, sitakudanganya, lakini waya inashikilia vipande pale pale, haianguki upesi. Watu wanapata nafasi ya kutoka."

"Na ukubwa?"

"Ikuwe ndogo. Ukiongeza kioo unapunguza mlango."

Kisha akainama kwenye mlango wa chini, akapitisha kidole pembeni mwa kioo alichokiweka Tata. Alieleza kwamba kioo hakishikwi kwa puti, ile gundi laini ya vioo, peke yake wala kwa vimisumari, kwa sababu joto likija vinaachia. Kinashikwa na vipande vyembamba vya mbao ngumu pande zote, ndani na nje, kwa skrubu zinazouma mpaka kwenye mlango wenyewe. Na kiwe kioo cheupe kinachopitisha macho, si cha maua, ili mtu aone kama upande wa pili kuna moshi au kuna mtu. Vyote hivyo Tata alikuwa amevifanya. Inspekta alikigonga kioo kwa ukucha, akasema, "Huyu fundi wenu anajua." Nilijisikia mkubwa, kwa sababu ni baba yangu, hata kama nilikuwa nimenuna.

Tukapanda juu.

Bwana Simiyu akafika kwenye mlango unaotazamana na meza yangu, akasimama. Akaupapasa kama daktari. Akataka fundi aitwe. Tata akaja kutoka stoo, akapanda akikohoa, nami nikajificha nyuma ya kabati la mafaili, nikabaki na masikio tu.

"Mzee, hii mlango ni mzuri sana. Sasa dirisha yake iko wapi?"

Nikasikia vidole vya Tata vikiipapasa ile mbao.

"Hiyo mbao haipitishi moto," alisema. "Ni nene kama mlango. Unaweza kupima."

"Kwa moto sina maneno na wewe, mzee. Hata pengine mbao yako ni bora kuliko kioo. Lakini mlango ni ya watu kwanza. Ngazi iko hapa, watu wanapanda, watu wanashuka, kila mtu anasukuma na haoni mwenzake. Mmoja ataanguka kwa ngazi. Na siku ya moshi, mtu wa huku atafungua bila kujua moshi iko huko. Kwa plani kuna kioo. Kwa nini hakuna kioo?"

Nikasikia futi yake ikikunjwa na kukunjuliwa. Tata si mtu wa kukosa jibu. Kanisani kwetu Sabato anabishana na mchungaji. Meneja akaanza kumsihi, mzee, sema basi, kioo kilipotea? Kilivunjika? Nyuma ya kabati mimi nilikuwa naomba ardhi ipasuke. Nilifikiri: sasa atasema. Atasema mbele ya watu wote kwamba hataki kuniona katika kazi hii.

Alisema tu, "Nitafikiri," akateremka.

Inspekta akafunga kalamu yake. Alisema hawezi kutoa kibali mlango ukiwa kipofu, na kwamba atasubiri mpaka saa nane, baada ya hapo atarudi Kericho kabla ya mvua. Meneja akajishika kichwa. Kisha, kama Mkenya mwema, akaagiza chai.

Chai huwa inapikwa chini, kijumba cha uani. Nikaenda mwenyewe kuichukua maana nilitaka kuondoka pale. Ni lazima niseme hapa kwamba sisi Wasabato wa boma letu hatunywi chai. Tunailima, tunaichuma, tunaiuza, tunalipia karo za watoto kwa hiyo chai, lakini Tata kinywa chake hakijawahi kuionja. Yeye ni maziwa ya moto na maji. Watu wa hapa humtania sana kwa hilo. Likumbuke.

Nilipanda na sinia: birika, vikombe, sukari. Watu wote walikuwa wamesimama kwenye ukumbi wa juu wakibishana, mlango umejifunga kama inavyotakiwa. Mikono yangu ilikuwa imejaa, kubisha siwezi. Nikageuka nisukume kwa bega. Kumbe Tata alikuwa amepita mbele yangu nilipokuwa uani, yuko upande wa pili, na wakati ule ule akaamua kushuka tena kufuata bisibisi yake. Mlango unafungukia kule kwake. Alivuta kwa nguvu zake zote za useremala wakati mimi nasukuma kwa nguvu zangu zote za hasira.

Niliruka.

Hakuna namna nyingine ya kusema. Niliruka na sinia yangu, birika likatangulia, na nikatua kifuani kwa baba mkwe wangu. Sukari ikanyesha. Kofia ikaanguka. Alinishika mabega nisidondoke, mimi nikashika shati lake, na tukatazamana uso kwa uso, karibu kiasi cha kuhesabiana kope, chai ikichuruzika kutoka kidevuni mwake.

Macho yake ni ya kahawia hafifu. Ni macho ya Nyamweya kabisa, hata kale kadoa kadogo kwenye jicho la kushoto.

Arap Rono alifunika mdomo. Wakipsigis nao wanajua mambo ya wakwe. Bwana Simiyu alitutazama, akatazama mlango, akatazama meza yangu, na nikaona uso wake ukielewa.

"Ai! Kumbe huyu ni mkwe wako, mzee!"

Tuliachana kama watu waliogusa kaa la moto. Nikageukia ukuta. Nikasikia kitu nyuma yangu ambacho sikukijua, sauti kama ya mtu anayekwaruza mbao. Ilikuwa ni kicheko cha Tata. Alianza polepole, kisha akashika ukuta, akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Miaka yote," alisema, "miaka yote nimekataa hii chai. Leo imeniingia kwa shati!"

Basi wakacheka wote. Meneja alicheka mpaka tai ikahama. Mimi nilicheka ukutani nikilia.

Bwana Simiyu ndiye aliyeketi kando yake pale sakafuni. Alizungumza naye taratibu, kwa heshima, kama mtoto na mzazi.

"Mzee, hata mimi niko na mama mkwe. Akiniona kwa barabara, anaingia kwa mahindi ya watu. Mimi pia naingia kwa mahindi ya upande ingine. Hatujawahi kukosana. Lakini ni kwa sababu tunaonana mbali. Sasa nikuulize. Ukimwona mapema, unageuka. Usipomwona, unamgonga. Aibu kubwa ni gani?"

Tata aliikamua chai kwenye kola ya shati lake. Kisha akasema maneno ambayo nitayaandika kama alivyoyasema, kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, huku anatazama mlango na si mimi:

"Mimi nilikata kioo. Iko stoo, ndani ya gunia. Nilikata sawa na plani. Halafu siku ya kutundika nikaona meza ya huyu mtoto iko wapi. Nikasema, nikiweka kioo hapa, kila nikipanda nitakuwa namtazama. Ataona haya. Ataacha kazi kwa sababu yangu. Na huyu mtoto anafanya kazi vizuri, mimi nasikia mashine yake kutoka chini, haipumziki. Ndio nikafunga na mbao. Nilitaka akae."

Nilitaka akae.

Kile kipande cha mbao nilichokililia chooni. Kile kilichopigwa msasa vizuri namna ile. Lilikuwa ndilo neno lake la ndiyo, lilikuwa limefungwa kwa skrubu mbele ya macho yangu majuma yote hayo, na mimi nilikuwa nalisoma kichwa chini miguu juu. Niliwaza hayo nikiwa bado nimeutazama ukuta, na sijui kama nimewahi kuupenda ukuta hivyo.

Mengine yalikwenda haraka. Tata alipangusa chai usoni, akaenda stoo, akarudi na gunia. Alifungua skrubu moja moja, akatoa ile mbao bila kuikwaruza, akaiweka kando. Kioo kikatoka ndani ya gunia, na waya zake za miraba midogo ndani kama daftari la hesabu. Kiliingia mahali pake bila kuguswa na randa. Hata vile vipande vyembamba vya mbao ngumu alikuwa navyo, vimekatwa pembe tayari, vimefungwa kwa uzi. Bwana Simiyu alitaka kumshikia, Tata akamwambia akae anywe chai, kama imebaki. Haikuwa imebaki. Niliteremka kupika nyingine, na safari hii kabla sijauvuta mlango nilitazama kwanza kwenye kioo, nikaona bega la Tata, nikangoja asogee, nikapita nimeinamisha kichwa. Hakukuwa na kukohoa. Hakukuwa na kubisha. Ilikuwa rahisi mno mpaka niliona kichekesho.

Saa nane ilikuwa haijafika. Bwana Simiyu aliusukuma mlango, akauachilia, ukajifunga, akachungulia kwenye kioo kutoka upande huu na ule, akasema kibali kipo. Meneja alimshika mkono na kumtikisa kama anayekama ng'ombe. Kuhusu kioo cha maua cha benki ya Nakuru hakusema tena. Alichosema ni kwamba meza yangu igeuzwe ili mgongo uelekee mlango na uso uelekee dirisha la nje, na mimi nikasema asante, maana dirisha hilo linaonyesha milima yote ya chai mpaka upande wa Kisii, na mwanga wa kuchapia ni mzuri zaidi. Sijui kwa nini hakuna mtu aliyefikiria hilo tangu mwanzo. Pengine tulikuwa tumeshughulika na kukohoa.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Mama. Niliogopa, kwa sababu zamani jambo kama hili lingeitiwa wazee. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kisu na sukumawiki. Akauliza swali moja tu, kama shati ni lile jeupe. Nikasema ni lile. Akasema sisi ni watu wa kanisa, tutaomba halafu tutacheka, akaanza na kucheka. Kuhusu chai ya shambani alisema Jumapili nipo, na Nyamweya akiwa likizo ana mikono kama watu wengine, haikuungua kwa chaki.

Nyamweya atakuja kesho. Nani atamwambia? Si mimi. Wala Tata hawezi. Itabidi Mama, na ataongeza chumvi, najua, atasema nilimwangusha mzee mpaka chini.

Lakini nilichotaka kuandika hasa ni cha mwisho, cha saa ya kufunga ofisi.

Wenzangu walikuwa wamekwisha kushuka. Nilikuwa nimesimama nafunika mashine kwa kitambaa chake, nimegeuka kidogo kuelekea mlango, na nikaona kitu kikipanda taratibu kwenye kioo kipya. Kofia. Kofia peke yake, ile ya kijivu, sasa ina doa la chai ubavuni. Tata alikuwa amesimama chini ya kioo, nje ya macho yangu, ameinyanyua kwa mkono mpaka ikakaa katikati ya zile waya. Ikasimama hapo. Ikangoja.

Nikageukia kalenda ya ukutani na kuanza kuisoma kwa bidii.

Mlango ukafunguka, ukajifunga wenyewe. Nikasikia miguu yake ikienda kukagua madirisha, komeo baada ya komeo. Alipokuwa anarudi alisimama mlangoni. Hakuniita jina. Alizungumza na kitasa.

"Kesho kazi ni nyingi," alikiambia kitasa. "Wageni wanakuja wiki ijayo. Mtu asichelewe."

Kitasa hakikujibu, kwa hiyo nilijibu mimi, kwa kalenda: "Ndiyo, Tata."

Hilo lake la mtu asichelewe ndilo neno nililolingoja tangu niolewe. Sikujua lingekuja hivyo, na nisingependa lije kwa njia nyingine.

Kesho nitafika mapema kuliko wote. Na kabla sijausukuma ule mlango, nitatazama kwanza kama kuna kofia.